Hodi Isiyosikika



Leo nimeshika kalamu kwa jambo linaloonekana dogo, la simu ya mkononi, lakini limenikaa moyoni kwa miaka kadhaa. Swali langu ni hili: je, ni haki mtu kuifunga simu yake isilie ila kwa wale anaowajua tu?

Wengi mtasema, swali gani hilo? Simu ni yangu, bili nalipa mimi, na usumbufu umezidi. Nami nilisema hivyo hivyo. Hakuna mwenzetu hapa ambaye hajapigiwa simu na mtu anayejidai wa benki, au wa ofisi ya kodi, au wa kampuni ya kompyuta anayetaka "kukusaidia" kuondoa kirusi usichokuwa nacho. Mzee mmoja katika jumuiya yetu, mtu wa heshima aliyefanya kazi ya usiku kwa miaka mingi, alitolewa akiba yake yote kwa simu moja ya dakika arobaini. Kwa hiyo nisieleweke kwamba nawatetea wezi.

Serikali zimejaribu. Hapa Uingereza tangu mwaka 1999 iko orodha rasmi ambayo ukiandikisha namba yako wafanyabiashara hawaruhusiwi kukupigia bila ridhaa yako. Marekani walifungua ya kwao mwaka 2003. Lakini orodha ya namna hiyo humzuia mfanyabiashara mwenye adabu. Mwizi hasomi orodha. Isitoshe, namba inayotokea kwenye kioo inaweza kughushiwa. Namba hiyo ni sawa na jina analolitaja mtu aliye nje ya mlango usiku: huenda ni lake, huenda ameliazima.

Basi watengenezaji wa simu wakatupa komeo. Simu za iPhone, tangu toleo la iOS 13 la mwaka 2019, zina sehemu ya kunyamazisha wasiojulikana: namba isiyokuwa katika orodha yako ya majina hailii, inapelekwa kwenye sanduku la sauti na kubaki katika kumbukumbu ya simu zilizopigwa. Simu za Android nazo zina njia zake za kuzuia. WhatsApp wakaongeza ya kwao mwaka 2023. Unabonyeza mara moja, nyumba inakuwa kimya. Mimi nilibonyeza, na nakiri nilifurahia kimya kile.

Sasa nisimulie kilichonipata. Mama yangu mdogo, aliyenilea baada ya mama kufariki, alikuwa akiishi Ngamiani, Tanga. Nilipokwenda likizo mara ya mwisho nilichukua kalamu nene nikaandika namba yangu kwenye kipande cha boksi, tukakigongomelea nyuma ya mlango wake. Nikamwambia, "Mama, lolote likitokea, mtu yeyote aisome namba hii anipigie." Akacheka, akasema, "Haya baba, Mungu akuweke."

Jioni moja ya Novemba mwaka 2022 hali yake ilibadilika ghafla. Binti yake alikuwa safarini Lushoto. Simu yake mwenyewe ilikuwa imezimika kwa kukosa chaji. Jirani, mama muuza vitumbua ambaye nilimsalimia mara nyingi bila kuwahi kumwuliza namba yake, alishika kitochi chake, akaisoma ile namba nyuma ya mlango, akanibipu. Hakuwa na salio la kuzungumza na Ulaya. Alikuwa nalo la kutosha mlio tu. Alibipu mara tatu, kuanzia saa mbili usiku za kule, ambazo kwetu ni saa kumi na moja jioni. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye treni, simu mkononi, nikisoma habari za mpira. Haikulia.

Mama mdogo alifariki alfajiri. Nilizikuta zile simu tatu asubuhi, wakati nilipokuwa nimekwisha kupata habari kwa njia nyingine. Baadaye jirani aliniambia, kwa upole ulioniumiza kuliko lawama: "Alikuwa anataka kukusikia tu, mwanangu. Nikamwambia labda upo kazini."

Simu haikukosea hata kidogo. Ilifanya kile nilichoiagiza. Na kwa kuwa kazi yangu ni uhandisi wa ishara za reli, siwezi kujificha nyuma ya mashine, maana najua mashine haina uamuzi ila ule iliopewa na mtu.

Katika kazi yetu kila kichujio kina makosa ya aina mbili. La kwanza ni kumzuia anayestahili kupita. La pili ni kumpitisha anayestahili kuzuiwa. Ukikaza ili kupunguza kosa moja, lile la pili linaongezeka. Kengele ya moto iliyo nyepesi mno hulia kwa moshi wa chapati, mpaka watu wakaacha kuijali. Iliyo nzito mno hukaa kimya nyumba ikiteketea. Hakuna fundi anayeyamaliza makosa yote mawili. Anachoweza kufanya ni kuchagua lipi alivumilie zaidi.

Sasa tazameni nani anayelipa gharama ya kila kosa. Simu ikimpitisha tapeli, ninayesumbuka ni mimi. Simu ikimzuia jirani wa Ngamiani, anayeumia ni yeye, na mgonjwa aliye kitandani. Mimi sitajua hata kwamba nimekosea, wala wao hawana pa kulalamika. Basi mtu anayepanga kichujio chake kwa kusikiliza kero yake tu, atakikaza siku zote, kwa sababu kosa analolisikia ni lile la upande wake. Hapo ndipo ninapoona kwamba jambo hili ni la maadili kabla halijawa la ufundi.

Katika reli tunafuata kanuni kwamba chombo kikiharibika kiharibikie upande wa usalama: ishara ikipata hitilafu, taa inakuwa nyekundu na treni inasimama. Nilidhani simu yangu nayo nimeipanga hivyo hivyo: ikiwa na shaka, inyamaze. Lakini nilisahau kuuliza, usalama wa nani?

Liko jambo jingine. Matapeli wa simu wana mchezo ambao Wajapani waliupa jina la wangiri, yaani mlio mmoja kisha kukata. Namba ya ngeni ya nchi za nje inalia mara moja, wewe kwa udadisi unaipigia, kumbe ni namba ya malipo makubwa, na kila dakika unayokaa wao wanavuna. Ushauri unaotolewa kila mahali ni huu: namba ya nje usiyoijua, iliyolia mara moja ikakata, usiipigie.

Ndugu zangu, si ndiyo kubipu kwetu huko? Kizazi chetu chote kimelelewa na bipu. Bipu ni simu ya asiye na vocha. Ni njia ya mnyonge kumwambia mwenye nafuu, "Nipigie wewe, mimi sina." Mashine inaviona vitu hivi viwili kuwa kitu kimoja: ombi la maskini na mtego wa mwizi vina sura ile ile, mlio mmoja na kimya. Kwa hiyo hata kama simu yangu ingelia jioni ile, huenda ningeikunjia uso namba ile nikaiacha. Nilikuwa nimekwisha kufundishwa kuisoma lugha ya kwetu kwa tafsiri ya wezi.

Rafiki yangu mmoja, mtu wa Mombasa aliyeko hapa miaka mingi, nilipomweleza haya alinipinga. "Bwana Mhandisi," akasema, "wewe una majonzi, na majonzi si hoja. Hata babu zetu walikuwa na mlango na komeo. Mtu akipiga hodi, mwenyeji ana haki ya kutoitika."

Ni kweli, na nilimkubalia nusu. Hodi kwetu ina adabu kwa pande zote mbili. Mgeni hasukumi mlango. Anapiga hodi, mara moja, mara mbili, mara tatu, asipoitikiwa anarudi bila kinyongo. Lakini adabu ile inategemea jambo moja: kwamba hodi inasikika. Mwenyeji ameisikia sauti, ameitambua au hakuitambua, ndipo akaamua. Nilichofanya mimi hakikuwa kukataa kuitika. Nilikuwa nimeziba masikio kabla mgeni hajafika, nikamwacha nje akidhani hakuna mtu, au akidhani nimemdharau.

Cha kustaajabisha ni kwamba mafundi wa simu wenyewe waliikumbuka hodi. Katika ile hali ya Usinisumbue, iPhone inaweza kuachia ilie pale namba ile ile inapopiga mara ya pili ndani ya dakika 3. Kwenye Android ni ndani ya dakika 15. Nani aliwafundisha? Bila shaka maisha: mtu mwenye shida ya kweli hupiga tena. Kunyamazisha wasiojulikana nilikokuwa nimewasha mimi hakukuwa na nafasi ya hodi ya pili. Siku hizi ziko pia simu zinazomwuliza mpigaji jina na shida yake kabla hazijalia. Za Pixel zilianza mwaka 2018, na iPhone zikafuata mwaka 2025. Ni hatua nzuri. Lakini mama wa Ngamiani akiulizwa na mashine kwa lugha asiyoijua, huku salio likikatwa, atafanya nini ila kukata?

Nikamwambia rafiki yangu jambo la mwisho, ambalo ndilo lililonifunza zaidi. Mashine inatuambia "ruhusu unaowaamini," lakini inachokitazama siyo uaminifu. Inatazama kama jina limo kwenye orodha. Kujulikana na kuaminika ni vitu viwili. Katika orodha yangu yumo binamu aliyekula pesa za paa la nyumba ya marehemu babu, na simu yake inalia vizuri sana. Hakuwamo yule mama wa vitumbua, ambaye usiku ule alikaa na mgonjwa mpaka mwisho. Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Mimi ndiye fimbo ya mbali. Fimbo ya karibu ilikuwa yeye, nami sikuwa na namba yake. Yangu ilikuwa imegongomelewa nyuma ya mlango wao. Yao haikuwa popote kwangu. Nilikuwa nimejipa cheo cha kutafutwa bila wajibu wa kutafuta.

Rafiki yangu alinyamaza, kisha akasema, "Basi kosa lako halikuwa komeo. Kosa lako ni kutowajua majirani wa mama." Nadhani alikuwa na haki kuliko mimi.

Kwa hiyo sisemi tuzifungue simu zetu kwa kila mwizi. Mwenye mzazi aliyezeeka hapa ughaibuni amfungie matapeli, tena afanye haraka. Huo nao ni wajibu. Ninachosema ni kwamba anayeweka mlango wa namna hii amejitwika kazi, na kazi hiyo haimaliziki kwa kubonyeza.

Mimi sasa nafanya hivi. Nilipokwenda Tanga kwa arobaini niliomba namba za majirani watano, wa nyumba za kaka yangu na za shangazi, pamoja na mwenye duka la karibu na mjumbe wa mtaa, nikaziandika zote na majina yao. Nimewaambia kwamba anayetumia simu ya mtu mwingine aniandikie meseji ya maneno mawili, jina na nyumba, kwani meseji haizuiwi na komeo hili nililonalo. Sanduku langu la sauti linajibu kwa Kiswahili. Tumekubaliana neno moja la nyumbani ambalo mtu wa kweli atalijua, maana siku hizi hata sauti ya mtu inaigizwa na kompyuta. Na kila jioni, kabla sijalala, naifungua kumbukumbu ya simu zilizonyamazishwa, kama vile zamani mtu alivyorudi nyumbani akauliza, "Nani alikuja nilipokuwa sipo?" Nikiona namba yenye 255 mwanzoni, sikimbilii kuipigia, naitumia meseji kwanza kuuliza ni nani. Mara nyingi hakuna jibu. Mara moja ilikuwa fundi aliyekosea namba, tukacheka naye.

Yule mama wa vitumbua sasa yuko juu kabisa ya orodha yangu, kati ya wale ambao simu inalia hata usiku wa manane. Hajanipigia tena. Mimi ndiye ninayempigia, kila Ijumaa, naye huitika kwa sauti kubwa kama kwamba Uingereza iko ng'ambo ya barabara: "Karibu mwanangu!"

Wasaalam.