Mpeni Kifungua Mimba Miaka Miwili

Katika maboma mengi ya hapa Amagoro, kaunti ya Busia, mtoto wa kwanza kumaliza chuo kikuu hugeuka mzazi wa tatu. Karo ya mdogo wake aliye sekondari, dawa za presha za nyanya, mabati ya jikoni kwa mama, yote hupitia kwenye simu yake kila mwisho wa mwezi. Ni desturi ya heshima na sitaki ife. Ila vijana wengi wenye vichwa vizuri wamekwama hapo, na kwa kuwa wana adabu, hawasemi.

Majuzi niliitwa kwenye kikao cha familia moja upande wa barabara ya Malaba. Binti yao alisomea kilimo, sasa anafundisha shule ya kibinafsi, na alikuwa amepata nafasi ya masomo ya uzamili katika Chuo Kikuu cha Makerere, Kampala. Barua alikuwa nayo mkononi, imekunjwa na kukunjuliwa hadi imeanza kuchanika mikunjoni. Baba yake mdogo akamwuliza, "Mwanangu, digrii moja haijakutosha? Na hawa wadogo zako?" Binti akainamisha kichwa. Swali hilo halikuwa na chuki hata kidogo. Mzee huyo ndiye aliyeuza ng'ombe wake ili binti aanze chuo, na alikuwa na haki ya kuuliza.

Nilichomwambia ni kwamba masomo ya uzamili hayalipiwi kama digrii ya kwanza. Sisi tukisikia chuo tunafikiria harambee, basari na HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya wanafunzi. Mfumo mpya wa serikali wa ufadhili ulioanza 2023 ulilenga wanaosomea digrii ya kwanza na wa vyuo vya ufundi. HELB hukopesha hata wa uzamili, lakini anayedaiwa bado mkopo wa kwanza anajua uzito wa kuongeza wa pili. Basari ya NG-CDF, mfuko wa maendeleo ya eneo bunge, nayo inagawanywa kwa wengi mno, wengi wao wa sekondari.

Pesa ya maana iko kwingine, na inakuja na saa yake. DAAD, shirika la Ujerumani lenye ofisi Nairobi, lina mpango wa kuwasomesha Waafrika katika vyuo vya Afrika, uzamili na uzamifu, pamoja na posho ya kila mwezi. Sharti lake moja ni kwamba isiwe imepita miaka sita tangu umalize shahada yako ya mwisho. Mpigie hesabu kifungua mimba wetu. Amsomeshe mdogo wake miaka minne, kisha amshike wa pili mkono miaka mitatu. Mlango umefungwa, naye bado anajiambia ataomba mwakani. Ufadhili wa Chevening wa Uingereza unataka kinyume chake, uwe umefanya kazi angalau miaka miwili, na ukimaliza urudi nyumbani miaka miwili. Kwa hiyo muda wa kuomba upo, ila ni mfupi, na unaangukia miaka ileile ambayo familia inamhitaji zaidi.

Kuna njia nyingine ambayo watu wetu hawaijui kabisa, na inaniuma kwa sababu iko karibu nasi. RUFORUM, muungano wa vyuo vikuu ulioanzishwa 2004 na wenye makao Makerere, hutoa ruzuku za utafiti wa kilimo kwa wahadhiri, kwa sharti kwamba mhadhiri awafunze wanafunzi wa uzamili ndani ya mradi wake. Maana yake ni kwamba mara nyingi pesa ya mwanafunzi iko mikononi mwa mhadhiri kabla mwanafunzi hajajaza fomu yoyote. Basi usianze na fomu. Tafuta nani anachunguza nini, msome, mwandikie, umweleze shamba la kwenu linaugua nini. Binti huyu alikuwa na la kueleza. Wazee wetu wanakumbuka miaka ya 1990, ugonjwa wa batobato ulipokunja majani ya mihogo na kuyageuza manjano, mizizi ikabaki kama vidole, watu wakakosa cha kuchanganya na wimbi. Mbegu zilizovumilia, kama migyera iliyotoka Uganda, na zile zilizojaribiwa kituo cha utafiti cha Alupe, zilitokana na kazi ya watu waliopewa muda wa kusoma zaidi ya digrii moja. Nilipolitaja hilo, baba mdogo alinyamaza kidogo, kisha akauliza posho ya mwezi inatosha nini.

Hilo ndilo swali la kweli. Kwa familia maskini gharama kubwa ya uzamili si karo, ni mshahara unaokatika. Ufadhili unaolipa karo peke yake ni wa mtu ambaye kwao hawamtegemei. Kwa hiyo namwambia kila kijana, ukipata barua ya ufadhili, tafuta kwanza mstari wa posho na mstari wa gharama za utafiti. Kama haipo, uliza kabla ya kuacha kazi.

Familia nayo ina mchango wake, na kwa maoni yangu ni mkubwa kuliko harambee: kumwachilia kifungua mimba miaka miwili asitume kitu. Kaeni chini, mwandike karo ya nani inabebwa na nani, shangazi achukue muhula huu, mjomba ule. Asiombwe kisirisiri usiku kwa simu. Akijinyima posho ili atume nyumbani, utafiti unalala, miaka miwili inakuwa minne, na mfadhili halipii miaka ya ziada.

Na kama kanisa au chama kinataka kuchanga, kichangie miezi ya mwanzo. Posho huchelewa, mwenye nyumba wa Kampala hangoji, na wengi hurudi nyumbani ufadhili wakiwa nao mkononi kwa kukosa kodi ya miezi miwili na nauli.