Kufuta sifuri si kulipa deni

Serikali inapotoa sarafu mpya ili kukomesha mfumuko wa bei, swali linaloulizwa kila mahali ni moja: je, itashika? Hilo ni swali la wachumi. Muislamu ana la kuuliza kabla ya hilo: nani atalipa kilichoyeyuka ndani ya sarafu ya zamani?

Tazama Zimbabwe. Mwaka 2006 zilifutwa sifuri 3. Agosti 2008 zikafutwa 10. Februari 2009 zikafutwa 12, wiki chache tu baada ya kutolewa noti ya dola trilioni 100. Mwaka huo huo sarafu hiyo ikaachwa, watu wakahamia dola ya Kimarekani na randi. Ilipozikwa rasmi mwaka 2015, mwenye akaunti yenye chochote hadi trilioni 175,000 alipewa dola 5 za Kimarekani. Aprili 2024 ikaja sarafu nyingine, ZiG, ikisemwa kuwa ina dhahabu nyuma yake. Septemba ikashushwa thamani kwa asilimia 43 hivi.

Sasa mchukue mtu aliyemkopesha jirani yake bila riba, karadha njema, pesa ya kununulia ng'ombe. Baada ya miaka miwili anarudishiwa tarakimu zile zile, na hazimtoshi hata mkate. Je, deni limelipwa? Imam Abu Yusuf, mwanafunzi wa Imam Abu Hanifa, aliona kuwa fulusi za shaba zikibadilika thamani, kinacholipwa ni thamani yake. Baraza la Kimataifa la Fiqhi likaamua mwaka 1988 kuwa deni hulipwa kwa idadi. Hofu yao inaeleweka: ukishafungua mlango wa nyongeza, riba haitabisha hodi. Kwa mfumuko wa kawaida nakubaliana nao. Lakini pesa iliyokufa ni jambo jingine. Kumpa mtu karatasi tupu na kumwambia tumemalizana ni kumuadhibu kwa wema wake.

Hata hivyo, tukibaki kuwaamua wawili hawa tutakuwa tunamwacha mwizi apite zake. Si mkopeshaji wala mkopaji aliyechapa noti. Surat Al-Mutaffifin tumezoea kumsomea muuza mchele, ilhali noti ndiyo kipimo kinachopimia vyote, mchele ukiwemo. Mtawala anayezichapa kulipia matumizi yake amepunja kibaba cha kila nyumba, na madeni yake mwenyewe yanayeyuka humo humo. Al-Maqrizi alikwishaandika hayo Misri mwanzoni mwa karne ya 15, akiwalaumu watawala kwa njaa na kwa wingi wa fulusi.

Wajerumani, ambao hawakuwa na fiqhi yetu, walipotoa Rentenmark mwaka 1923, moja kwa trilioni moja za zamani, mahakama yao ya juu ilikataa kuwa deni la rehani limekwisha kwa karatasi zile. Sheria ya mwaka 1925 ikarudisha robo ya thamani ya rehani hizo. Robo si haki kamili, na dola ilijipendelea, kwani walioidai serikali yenyewe walipata kidogo zaidi. Lakini ilitambuliwa kisheria kuwa deni lipo. Dola 5 za mwaka 2015 hazikumuuliza mstaafu alikuwa ameweka nini.