Kama Sijaiba, Mbona Mwataka Kuona Vitabu?

Hilo ni swali ambalo hata watu wazuri huuliza wakiudhika. Sijaiba, si mniamini tu?

Twende Kwale. Mchanga wenye titaniamu ulichimbwa kule kuanzia mwisho wa 2013 hadi Desemba 2024. Meli zikapakia, zikaondoka. Sheria ya Madini ya 2016 ikasema mrabaha ugawanywe: asilimia 70 serikali kuu, 20 kaunti, 10 wananchi wa pale mgodi ulipo. Sheria safi kabisa. Lakini miaka kadhaa ikapita wakazi wakiuliza hiyo kumi iko wapi. Na hata ikija, ni kumi ya ngapi? Kama hujui zilibebwa tani ngapi na ziliuzwa bei gani, asilimia ni neno tu. Ukipewa shilingi 1,000 utashukuru, na pengine haki yako ilikuwa 50,000. Utajuaje?

Hapa simshtaki mtu. Hebu tuseme hakuna aliyekula hata senti. Bado mwenye mali amekosewa, maana amefanywa mwombaji mlangoni pa nyumba yake mwenyewe. Katiba, Kifungu cha 62, inasema madini yanashikwa na serikali kwa niaba ya watu. Sasa anayeshika cha wenyewe hangoji kushukiwa ndio afungue daftari. Kufungua ndiyo kazi aliyopewa.

Musa hakuwa mwizi. Lakini Kutoka 38 ina hesabu kamili ya vitu vya hema, dhahabu ikiwa talanta 29 na shekeli 730, iliyoandikwa na Walawi chini ya Ithamari. (Wengi wetu tukifika hapo huwa tunaruka.) Mama aliyetoa pete yake alijua imeingia wapi.

Wengine husema mikataba ni siri ya biashara. Sawa, jinsi ya kuchenjua mchanga iwe siri ya kampuni. Lakini pesa iliyolipwa serikali? Hiyo ni siri ya nani, na anafichwa nani kama si mwenyewe?

Mafuta ya Turkana yaligunduliwa 2012, na Sheria ya Petroli ya 2019 inawapa wenyeji asilimia 5. Kwa hivyo kwenye baraza la chifu kule Lokichar, mzee akisimama aulize ni mapipa mangapi, aliye na daftari asikasirike. Wala asijibu eti yeye ameokoka.