Mchungaji na Ngitili

Je, mtu aweza kupenda asichokijua? Mwanafunzi hujibu katika mtihani kwamba misitu ni mali ya taifa, kisha hukata mti bila uchungu. Mchungaji wa Kisukuma huyajua majani kwa njaa ya ng'ombe wake. Kwake ngitili, yaani malisho yaliyofungwa mpaka kiangazi, ni uhai. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulioanza mwaka 1986, uliifufua desturi hiyo; haukuleta jambo geni.

Lakini kujua pekee hakutoshi: mchoma mkaa naye aujua msitu. Tofauti ni kwamba mchungaji atarudi pale pale mwakani. Basi, walimu, tusiwapeleke vijana porini kutazama tu. Tuwape miti waipande, waitunze, wairudie.