Mto Uliofungwa: Je, Anayejizuia kwa Hofu ni Mwaminifu?

Mtu akiacha kuiba kwa sababu anamwogopa askari, je, yafaa tumwite mwaminifu? Wengi hujibu upesi kwamba hapana. Husema uaminifu wa namna hiyo ni wa mkono tu, moyo haumo, na siku askari atakapogeuza uso mkono utarudi kwenye desturi yake. Jibu hilo lina ukweli ndani yake, lakini naona limetolewa kwa haraka. Ili tulipime sawasawa, nakuomba tusafiri pamoja kwa fikira hadi kijiji kimoja cha wavuvi na wakulima, ambacho yamkini hujapata kulisikia jina lake, ingawa kina uhusiano na pwani yetu kwa sababu nitakayoieleza hapo mbele.

Kijiji chenyewe chaitwa Haruku, nacho kimo katika kisiwa chenye jina hilo hilo, mashariki ya kisiwa cha Ambon, katika visiwa vya Maluku nchini Indonesia. Wenyeji wake ni Wakristo, na katika kisiwa hicho hicho kidogo vimo vijiji vya Waislamu kama Pelauw, Kailolo na Rohomoni. Chakula chao cha asili ni sago, yaani unga utokao ndani ya shina la mti wa jamii ya mnazi. Hupikwa ukawa kama uji mzito unaonata, na kitoweo chake ni samaki. Wana minazi na mikarafuu, na bahari iko mlangoni pao.

Kando ya kijiji unapita mto uitwao Learisa Kayeli. Katika mto huo huingia samaki mdogo wa jamii ya dagaa aitwaye lompa. Tabia ya samaki huyu ni ya ajabu. Mchana makundi yake hukaa mtoni, katika maji yaliyotulia. Usiku hutoka kwenda baharini kutafuta riziki, na kabla ya jua kuchomoza hurudi tena mtoni. Mtu yeyote mwenye kimia angeweza kusimama mlangoni mwa mto na kujaza kapu lake bila taabu. Huhitaji chombo, wala tanga, wala ujuzi wa nyota. Samaki anakuja mwenyewe, kila siku, kwa saa yake.

Na hata hivyo hawamgusi. Vifaranga wa lompa huonekana ufukweni kiasi cha mwezi wa Aprili na Mei, na tangu hapo mto hufungwa. Kufungwa huko, na katazo lenyewe, huitwa sasi. Katika muda huo ni marufuku kumvua lompa mtoni kwa njia yoyote ile. Ni marufuku kupita mlangoni mwa mto kwa mashua huku mashine ikinguruma, na ni marufuku kutupa taka humo. Anayehitaji chambo aweza kumvua lompa kwa mshipi, lakini si ndani ya mto. Baada ya miezi mitano hata saba, samaki wamekwisha kukua. Ndipo huteuliwa siku ya kufungua. Alfajiri na mapema ngoma hulia, moto mkubwa huwashwa mlangoni mwa mto ili mwanga wake uwavute samaki waingie, kisha mto huzibwa nyuma yao. Hapo kijiji kizima hushuka majini, wazee kwa watoto, kila mtu na wavu wake. Kisha mto hufungwa tena.

Wanaolinda katazo hili huitwa kewang. Ni watu wa koo mbalimbali za kijiji, wenye mkuu wao, nao huangalia bahari, mto na msitu pia, maana hata matunda machanga hayaruhusiwi kuchumwa kabla ya wakati. Mwaka 1985 serikali ya Indonesia iliwapa kewang wa Haruku nishani ya Kalpataru, ambayo hupewa wale waliohifadhi mazingira. Ni heshima kubwa, lakini tukumbuke kuwa desturi yenyewe ilitangulia nishani hiyo kwa vizazi vingi.

Sasa tazama adhabu zao, kwa kuwa hapo ndipo swali letu linapoingia. Mtu mzima avunjaye sasi hutozwa faini. Mtoto huchapwa viboko vitano vya henzirani. Kwa nini vitano? Kijiji cha Haruku kina koo kuu tano, na wenyewe huzieleza bakora hizo kwa maneno haya: kwamba mtoto yule amebebeshwa amanat ya koo zote tano. Ndugu msomaji, neno hilo halihitaji kufasiriwa. Ni lile lile la amana tulitumialo sisi, lililosafiri kutoka Arabuni kuelekea mashariki na kuelekea magharibi ya bahari moja, likafika kwao na likafika kwetu.

Bakora basi zina mambo mawili ndani yake. Kwanza ni maumivu, na mtoto atayakumbuka. Pili ni hesabu. Mtoto hafundishwi kwamba amemkosea mkuu wa kewang, wala mwenye mto, kwa kuwa mto hauna mwenyewe. Anahesabiwa mmoja mmoja wale aliowadhulumu, ukoo baada ya ukoo, na ukoo wake mwenyewe ukiwa mmojawapo. Hofu ni mlango anaoingilia. Ndani ya nyumba kuna jambo jingine. Nani kati yetu alianza kusema kweli kwa kuwa aliupenda ukweli? Tulianza kwa kuogopa fimbo ya mzazi au sura yake ya huzuni. Kuudharau wema kwa sababu ulianzia katika hofu ni kama kuudharau mnazi kwa sababu ulianzia katika shimo.

Hapa atasimama mtu mwenye akili ya biashara aseme: “Hakuna wema wala amana hapo. Hawa ni watu wenye hesabu nzuri. Wanajua dagaa mkubwa ni bora kuliko kifaranga, nao wanangoja faida.” Hoja hii yasikika kuwa na nguvu, lakini ukiichunguza utaona haitoshi. Hesabu ya faida yaeleza kwa nini kijiji kizima kinapenda mto ufungwe. Haielezi kwa nini mtu mmoja, usiku wa giza, mwenye mke na watoto wasio na kitoweo, anapita kando ya mto asitie wavu. Kwa mtu huyo hesabu inasema kinyume kabisa. Kapu moja halitapunguza kundi la samaki. Wenzake wataendelea kujizuia, na siku ya kufungua atapata fungu lake kama wao. Ukifuata faida peke yake, aliye mwerevu kupita wote ni yule anayeiba wakati wengine wanangoja. Kwa hiyo kama mto ungelindwa na hesabu tu, ungekuwa mtupu kabla ya mwezi kuandama mara mbili. Kinachomzuia mtu yule ni kwamba yeye hajioni kuwa mtu wa pembeni anayewatazama wenzake wakijinyima. Anajiona ni mmoja wao.

Wazee wa Haruku huwaeleza watoto asili ya lompa kwa hadithi. Zamani, wasema, palikuwa na mamba jike katika mto huo aliyekuwa akiwavusha watu mgongoni mwake. Mamba huyo aliitwa na mamba wenzake wa Seram akapigane na nyoka mkubwa aliyewasumbua. Alikwenda hali ya kuwa ana mimba, akamshinda nyoka, na samaki wa lompa ni katika zawadi alizopewa. Sitaki kubishana kama mamba aweza kuvusha watu. Waliowahi kuvuka Rufiji watakuwa na maoni yao. Ninachokiona ni kwamba hadithi hiyo haisemi samaki waliokotwa. Yasema ni malipo ya msaada uliotolewa kwa taabu kwa ajili ya wengine. Mtoto aliyelelewa na hadithi ya namna hiyo huutazama mto kwa jicho jingine.

Lakini tusidhani kwamba kila katazo ni jema kwa kuwa ni katazo. Kisiwa hicho hicho kilionja katazo la namna nyingine, na hapa ndipo habari zao zinapokutana na zetu. Karafuu asili yake ni visiwa vya Maluku. Katika karne ya 17 Kampuni ya Kidachi ya Mashariki ya India ilitaka biashara yote ya karafuu iwe mkononi mwake. Mwaka 1652 ilifanya mkataba na Sultani wa Ternate kwamba mikarafuu ing'olewe katika milki zake, na zao hilo lilibanwa lipandwe Ambon na visiwa vidogo vya jirani, Haruku kikiwa kimojawapo. Vikosi vya majahazi ya makasia, yaliyopigwa makasia na wenyeji wenyewe kwa kulazimishwa, vilizunguka visiwani kuikata mikarafuu ya watu. Wa Haruku waliruhusiwa kupanda, naam, walilazimishwa kupanda, lakini walipaswa kuiuzia Kampuni peke yake, kwa bei iliyopangwa na Kampuni.

Ukiyatazama makatazo haya mawili kwa nje yanafanana. Yote mawili yasema: usichume, usiuze, ngoja, la sivyo utaadhibiwa. Yote mawili yana walinzi. Kwa nini basi moyo wetu huliheshimu moja na kulichukia jingine? Mtu aweza kusema ni kwa sababu Wadachi walikuwa wageni. Sidhani kuwa jibu ni hilo, kwa maana hata mwenyeji aweza kuwa dhalimu. Jibu ni kwamba katika sasi anayekataza amejikataza mwenyewe. Kewang hana wavu wa siri, na mtawala wa kijiji hana siku yake ya kuvua. Siku ya kufungua wote hushuka majini. Katika katazo la Kampuni, mwenye kukataza alikuwa ndiye mwenye kula. Ndiyo maana katazo lile lilihitaji ngome na mizinga. Na hata hivyo halikudumu: kufikia mwaka 1770 Mfaransa Pierre Poivre alikwisha kutuma watu wakaichukua miche kwa siri, ikapandwa Mauritius, na mwanzoni mwa karne ya 19 mikarafuu ilifika Unguja. Huku kwetu nako ililimwa kwa jasho la watumwa, jambo ambalo linatuonyesha kuwa dhuluma haikuvunjika pamoja na ule ukiritimba. Ilibadilisha pwani tu.

Sasi yenyewe nayo haikusalimika kila mahali. Sheria ya serikali za vijiji ya mwaka 1979 iliviweka vijiji vyote vya Indonesia katika sura moja, na mamlaka ya kimila yakadhoofika, mpaka sheria mpya ya mwaka 1999 ilipowafungulia tena mlango. Lakini vijiji vingine vya Maluku viliharibikiwa kwa njia ya kimya zaidi. Katazo lilibaki, ila haki ya kuvuna, hasa ya makombe ya baharini yenye bei kubwa, iliuzwa kwa mfanyabiashara mmoja. Wanakijiji walitakiwa waendelee kujizuia kama zamani, na mavuno yakaenda kwa aliyenunua. Haikuchukua muda watu wakaanza kuiba. Je, walikuwa wamepoteza uaminifu? Mimi siwezi kuwalaumu sana. Amana iliyokuwa yao sote iligeuzwa mali ya mtu, nao wakaombwa wailinde kana kwamba haijageuka.

Naona jambo hili latuhusu sana hapa kwetu. Katika miaka ya 2010 baadhi ya vijiji vya Pemba, kama Kisiwa Panza, vilianza kufunga sehemu za miamba kwa miezi kadhaa ili pweza wakue. Ni jambo zuri, na matunda yake yameonekana. Lakini siku ya kufungua ndiyo yenye mtihani. Mwanamke aendaye miambani kwa miguu na kijiti chake, aliyejinyima miezi yote ile, akifika akute wenye mashua na miwani ya kuzamia wamemtangulia, mwaka wa pili tusimhubirie subira. Kwanza tumrudishie sababu ya kusubiri.

Sasa nirudi kwenye swali la mwanzo. Nadhani tumelizoea kuliuliza kwa mtu mmoja mmoja: je, huyu ni mwaminifu au ni mwoga tu? Haruku watufundisha kuliuliza pia kwa upande wa yule anayetisha. Hofu ya bakora ambayo kila mzazi wa kijiji aliwahi kuionja, iliyopimwa kwa hesabu ya koo zilizodhulumiwa, yaweza kumlea mtoto akawa mtu ambaye kesho hahitaji mlinzi. Hofu ya mzinga wa Kampuni haikumlea mtu yeyote. Ilimfundisha kuficha miche tu.

Limebaki jambo moja ambalo sasi haijapata dawa yake. Taka za plastiki zielekeazo mlangoni mwa mto wowote wa pwani hiyo hazikutupwa na watoto wa kijiji. Zimekuja na mikondo ya bahari kutoka mjini Ambon na kwingineko, kutoka kwa watu ambao hawakupata kuisikia ngoma ya alfajiri, wala hawamo katika hesabu ya koo tano. Kewang aweza kuziokota kila asubuhi. Lakini aliyezitupa yuko mbali, hana habari kama kuna samaki aitwaye lompa, na hakuna aliyemwambia kwamba naye ana amana katika mto ule.