Jeshi Likichimba Kisima

Machi 2020, Rais Uhuru Kenyatta alimpa Meja Jenerali Mohamed Badi usukani wa NMS, shirika jipya lililochukua baadhi ya kazi za Kaunti ya Nairobi: afya, uchukuzi, ujenzi na mipango ya mji. Visima vikachimbwa kwenye mitaa ya mabanda, na watu waliozoea kununua maji kwa mtungi wakachota bila kulipa. Mwaka huohuo wanajeshi walisaidia kufufua reli ya Nanyuki, na Septemba kiwanda cha nyama cha KMC kikahamishiwa Wizara ya Ulinzi. Mtaani wengi wakauliza: si basi jeshi lichukue kila kitu?

Swali hilo si la kijinga. Mama aliyebeba mtungi miaka nenda miaka rudi huwezi kumwambia akatae maji eti kwa sababu aliyeyaleta amevaa magwanda. Kiu haisomi Katiba.

Lakini wacha tuulizane: jeshi lilifaulu kwa nini? Tunasema nidhamu. Sawa. Ila lilipewa pia vitu ambavyo mhandisi wa kaunti hupata kwa nadra: amri kutoka kwa mtu mmoja, Rais nyuma yake, na nafasi ya kufanya kazi bila mwanasiasa anayenyemelea tenda. Mpe raia hayo yote kwanza, ndio umlinganishe na mwanajeshi.

Kuna gharama nyingine. Mwanajeshi husifiwa kwa kutii. Raia hukomaa kwa kuuliza. Mfereji ukikauka, MCA utamzomea, na uchaguzi ukifika utamtoa. Jenerali utamtoa na nini? Kifungu cha 241 cha Katiba kinaruhusu jeshi kusaidia wakati wa dharura au janga, kisha liripoti kwa Bunge la Kitaifa. Sisi tumechukua uozo wa miaka na mikaka tukaubandika jina la dharura, na dharura ya aina hiyo haina siku ya kuisha.

Kipindi cha NMS kiliisha 2022, kaunti ikarudishiwa kazi zake. Kama haikurudi ikiwa na uwezo zaidi ya ule iliokuwa nao, basi tulikuwa tumeazima tu mikono ya watu.

Kwa hivyo jeshi likija na mashine zake, chota maji, tena ushukuru. Halafu uliza: pampu ikiharibika wakishaondoka, nani ana spana, na nani anajua kuitumia?