Kasi, Shabaha na Kinamasi

Mvua za masika zinapoingia Nyatike, au kwenye Bonde la Lambwe upande wa Homa Bay, udongo mweusi hubadilika tabia. Wiki chache nyuma ulikuwa mgumu kama tofali, umepasuka mianya. Sasa unanata, unashika, unavuta. Trekta la miwa kule Awendo, lenye ngurumo ya kusikika hadi ng'ambo ya mto, huzama mpaka ekseli, na kadiri dereva anavyokanyaga mafuta ndivyo linavyozidi kujichimbia. Mara nyingi linaloliokoa ni mikono ya watu: wanashusha mzigo, wanatandika matawi chini ya magurudumu, wanasukuma kwa pamoja. Saa hiyo hakuna anayeuliza trekta lina nguvu za farasi wangapi. Wote wanautazama udongo.

Picha hiyo hunijia kila ninapowasikia vijana wetu wakilinganisha vifaru vya vita, kipi chepesi mbio, kipi chenye mzinga mkubwa. Tarakimu wanazo kichwani. T-55 ya Kisovieti ina uzito wa tani 36 hivi, mzinga wa milimita 100, na mwendo wa kilomita 50 kwa saa. Vickers Mk 3, ambavyo Kenya ilivinunua Uingereza, vina mzinga wa milimita 105. Tarakimu hizo ni za kweli, ila kila moja imefungwa na sharti lisilotajwa. Kilomita 50 ni za barabara kavu. Kwenye mashamba yenye makorongo mwendo hushuka, kwa kuwa kabla chuma hakijachoka, miili ya askari wanne walio ndani imekwisha kuchoka kwa kutikiswa. Mzinga nao, kifaru kikiwa mbioni, hupanda na kushuka pamoja na ardhi. Hata palipo na mitambo ya kuutuliza, askari wa enzi za T-55 walijua kwamba risasi ya kutegemewa ni ya kifaru kilichosimama. Basi wakikimbia hawalengi vizuri, na wakisimama ili walenge, wao wenyewe ndio shabaha. Katikati ya hayo kuna askari mmoja aliyejikunja kwenye nafasi finyu, anainua kwa mikono kombora la zaidi ya kilo 20, na jingine, na jingine.

Mambo haya yalidhihirika katika ukanda wetu wa ziwa mwezi Machi 1979, wakati wa vita vya Kagera. Majeshi ya Tanzania yalikuwa yakielekea Kampala, na njia ya moja kwa moja ilipita Lukaya, juu ya tuta la barabara lililokatiza kinamasi. Pale kifaru hakina pa kukimbilia; kikitoka barabarani kinazama. Wahenga walisema mbio za sakafuni huishia ukingoni, na ukingo wa Lukaya ulikuwa matope. Alasiri ya Machi 10, askari wa Libya waliotumwa kumsaidia Idi Amin, mtawala wa Uganda, walifyatua roketi kuelekea Brigedi ya 201 ya Tanzania iliyokuwa Lukaya. Roketi zilipita juu ya mji zikaanguka mbali. Hata hivyo wengi katika brigedi ile, vijana wasioizoea vita, walitawanyika. Makombora yaliyokosa shabaha ya macho yalipata shabaha ya moyo. Kisha wale waliopata ushindi wa bure, wenye T-55 zao na njia iliyo wazi mbele, walisimama Lukaya. Hawakusonga.

Usiku huo Brigedi ya 208, chini ya Mwita Marwa, jina ambalo ukiliita sokoni Isebania au Kehancha wataitika watu kadhaa, ilikuwa takriban kilomita 60 kutoka hapo. Iliamriwa igeuze njia. Ikatembea gizani, ikafika nyuma ya adui alfajiri ya Machi 11. Na kutoka mbele, nani waliokuja kushambulia? Ni Brigedi ya 201, wale wale waliokimbia jana yake. Walikusanywa, wakajipanga, wakarudi mahali pale pale walipoogopa. Siku hiyo walikufa Walibya, Waganda na Watanzania, kila mmoja mtoto wa mama yake, na simulizi hili lisitutie shangwe. Lakini lina neno kwetu.

Tunapenda sana vipimo vya siku njema. Kijana wa Karungu au wa Mbita huandikiwa alama kwa mtihani mmoja, asubuhi moja, na tarakimu ile tunaitembeza kijijini kama kwamba ndiyo yeye. Bodaboda tunamsifu kwa mwendo, kiongozi kwa ukali wa kauli, na ukali wenyewe mara nyingi ni roketi inayopita juu ya paa. Ni mara ngapi tumekaa kuuliza mtu huyu hukanyaga vipi kwenye tope? Hugeuza njia akiambiwa amekosea, hata akiwa amekwisha kutembea kilomita 60? Hustahimili kusimama kimya mpaka aone vizuri, huku akijua kwamba anaonekana?

Karatasi ya kifaru ina nafasi ya kuandika kasi, uzito na upana wa mzinga. Haina nafasi ya kuandika kwamba mtu aliyekimbia jana amerudi leo. Nafasi hiyo hatuna budi kuiweka sisi, katika namna tunavyowataja watoto wetu mezani, tunavyompokea aliyeanguka, tunavyomngoja aliyepotea njia usiku. Maana ukoo gani, kati ya Isebania na Homa Bay, haujapata kuwa na Machi 10 yake? Na nani kati yetu alifika alfajiri ya pili bila ya mtu aliyekubali kumhesabu upya?